Saumu ya Kuiba

Ukitafuta hapa Zaria watu wanaokula mchana wa Ramadhani kwa kujificha, hutachoka. Wapo nyuma ya malori, wapo kwenye vibanda vya mafundi pikipiki wamejifunika turubai, na wapo wengine wana ndevu ndefu kukushinda. Makobe hawajawahi kuadimika katika mji huu. Lakini mtu anayefunga kwa kujificha, anayemkwepa mkewe ili asile, huyo tulikuwa naye mmoja tu, na kwa bahati yetu alikuwa ndiye mwalimu wetu wa dini.

Malam Gambo mwenyewe akikisimulia kisa hiki siku hizi huanza hivi: "Kulikuwa na mpumbavu mmoja mwenye kilemba." Basi na sisi tuanzie hapo.

Kilemba alikuwa nacho kweli, cheupe, kimepigwa wanga mpaka kinasimama chenyewe. Kwa miaka ishirini na moja, kila Ramadhani, baada ya sala ya alasiri, alikaa kwenye kiti cha darsa ya tafsiri katika msikiti wa mtaa wetu. Kulia kwake alikaa Inuwa, msomaji wake. Inuwa husoma aya kwa sauti yake nzuri, Malam huifasiri, na mwisho hupitishwa kopo la maziwa ya unga, watu wakatumbukiza vikaratasi vya maswali. Wanaume hutumbukiza wenyewe, wanawake hulipokea kopo chini ya pazia likarudi limejaa, maana wao ndio wenye maswali ya maana. Inuwa huvisoma, Malam hujibu, na spika nne za juu ya mnara huwapelekea majibu hata wasiouliza.

Hukumu za saumu alikuwa nazo kama muuza duka alivyo na bei. Inzi akikuingia kooni bila kutaka? Umesamehewa. Vumbi la unga kwa msaga nafaka? Amesamehewa, ndiyo kazi yake. Kuonja chumvi ya mchuzi? Kwa ncha ya ulimi, uteme, na ukiweza kuacha ni bora. Umesahau ukanywa maji? Hapo Malam hufurahi, hujivuta mbele ya kipaza sauti na kusema kwamba wenye madhehebu mengine wameachiwa, lakini sisi wa Maliki siku hiyo tunailipa, na asiyetaka ajifunze kukumbuka.

Na kila mwaka siku ya kwanza ya darsa alikuwa na neno lake la kufungulia. "Namshukuru Mungu," husema, huku ameinamisha macho kwa unyenyekevu aliokuwa ameufanyia mazoezi, "miaka arobaini na tano, sijaacha hata siku moja." Mwaka uliofuata, arobaini na sita. Aliiita shukrani. Hata watoto wa chuoni waliijua hesabu hiyo kuliko walivyozijua sura fupi.

Sasa mwaka huo, wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, Hajiya Ladidi mkewe alimburuta hospitali. Kidole cha mguu wa kushoto kilikuwa na kidonda kilichokataa kufunga. Daktari alikuwa Saude, binti aliyesomeshwa alifu na Malam huyo huyo katika chuo chake cha jioni. Alisoma vipimo, akavisoma tena, akaviweka chini.

"Baba Malam, sukari imepanda mno, na figo zimeanza kulalamika. Mwaka huu hufungi."

"Mwaka huu tu?"

"Huu na ijayo, Baba. Utakuwa unalisha maskini. Ukifunga na dawa hizi, sukari inaweza kushuka ghafla ukaanguka na usiamke, au figo zikafa moja kwa moja. Sikutishi. Nimeshawaona."

"Saude mwanangu," Malam akasema kwa upole wa mtu mkubwa, "mimi ndiye niliyekufundisha dini."

"Ndiyo, Baba. Ukanifundisha kwamba mgonjwa anayechelea kudhurika vibaya, kwake kula si ruhusa tu, ni wajibu. Nilikosea kulijibu hilo ukanichapa."

"Nilikuchapa?"

"Viboko viwili. Ndiyo maana sijasahau."

Hajiya Ladidi alicheka ndani ya mtandio wake mpaka mabega yakamtikisika. Malam Gambo akasema alhamdulillahi, elimu imefika.

Njiani kurudi walikubaliana. Yeye atakula, lakini kwa faragha, kwa sababu mwenye udhuru usioonekana hafai kula hadharani akawatia watu dhana mbaya. Hukumu hiyo ni ya kweli, na Hajiya aliikubali. Shida ya Malam haikuwahi kuwa kukosa hukumu. Alikuwa nazo nyingi mno, na katika kila moja alijua pa kufichia jambo lake.

Siku ya kwanza ya mfungo, adhuhuri ilipopita, Hajiya alimletea bakuli kwenye ukumbi wa mlangoni, pale anaposomea. Uji wa uwele wenye ukwaju, mzito, na vipande viwili vya kosai pembeni, zile bajia za kunde alizokuwa akizipenda tangu ujana. Akaweka na vidonge juu ya sahani. "Kula uji wenyewe ungali moto," akasema, akaondoka, maana alijua mumewe haoni raha kutazamwa.

Malam akasema bismillahi, akaliinua bakuli. Mkono ukagoma. Nje alisikia watu wakipita, wakisalimiana kwa sauti kavu za wenye kiu, na mmoja alisema, "Tutajikaza bwana, mbona Malam Gambo mwaka wa arobaini na saba huu!" Akalishusha bakuli. Hakumwogopa Mungu hapo. Hili amelikiri mwenyewe mara nyingi, kwa hiyo simsengenyi. Alimwogopa yule mpita njia ambaye hata jina lake hakulijua.

Katika ukumbi huo huo alikuwa amefungwa kondoo dume wa Idi kubwa. Mtaa ulimwita Galadima kwa sababu ya mwendo wake wa kujisikia, utadhani ndiye mwenye cheo hicho ikulu. Galadima aliinua kichwa, akanusa. Malam akamtazama. Kondoo hana saumu wala hana udhuru. Basi bakuli likapata mwenyewe, na vidonge vikaingia mfukoni kungojea magharibi.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kazi. Watu huiba kula. Yeye aliiba kufunga. Hajiya huleta, huondoka. Malam husikiliza nyayo zake zikiisha, kisha hupiga magoti kwa Galadima. Hajiya akija kuchukua bakuli hulikuta jeupe kama limeoshwa.

"Siku hizi unakomba, Malam," alimwambia kwa furaha.

"Uji wako mtamu, Hajiya," akajibu, na kwa kuwa mwongo anapofunga saumu yake hupungua thawabu, akaongeza, "kila mtu humu ndani anausifu." Hiyo ilikuwa kweli.

Kufika siku ya saba, Galadima alikuwa ameshajifunza wakati. Muadhini wa adhuhuri kabla hajakohoa kwenye spika, kondoo analia. Akawa mviringo, ngozi inang'aa. Malam naye shingo ilikuwa imekonda mpaka kilemba kinaonekana cha kuazima. Usiku alikunywa maji kama ngamia, mchana mikono ilimtetemeka. Kidonda cha kidole kilianza kunuka, akawa anakipaka manukato.

Inuwa alipita siku moja kumjulia hali. Inuwa ni Mbarebari, Malam ni Mfulani, na kati ya makabila hayo mawili hakuna heshima, kuna utani tu. Alimtazama mwalimu wake, akamtazama kondoo.

"Malam, Ramadhani hii inakupunguza wewe inamwongeza kondoo. Mmebadilishana nini?"

"Mbarebari hawezi kumwona kondoo bila kumpigia hesabu. Toka kwangu."

"Natoka. Lakini siku ya Idi nileteeni mguu, na kama kondoo hayupo, nitachukua wa Mfulani. Japo sioni nyama."

Malam alicheka sana, na alipomaliza kucheka alilazimika kushika ukuta.

Siku ya tisa Hajiya Ladidi alileta bakuli, akaondoka, akafika jikoni akakuta kijiko amekisahau mkononi. Akarudi nacho. Alivaa kandambili mpya za mpira zisizokuwa na kelele, na hapo ndipo siri ya siku tisa ilipokufa. Kutoka mlangoni alimwona mume wake wa miaka thelathini na nne amechuchumaa, amemshikia Galadima bakuli kwa mikono miwili, ndevu za kondoo zimejaa uji, naye anamwambia kwa huruma kubwa, "Polepole. Ni moto."

Hajiya aligeuka na kijiko chake mkononi. Alirudi jikoni akaketi kwenye kibao, akalia kimyakimya, kisha akajifuta. Alijua akienda kumkabili atashindwa. Katika miaka thelathini na nne hajawahi kushinda ubishi na mtu yule, kwa sababu kila anapoanza, yeye huleta dalili za vitabuni, kauli ya wanazuoni na kisa kimoja cha zamani. Mtu wa kumshinda Malam Gambo, aliona Hajiya, ni mmoja tu katika mji huu, naye ni Malam Gambo. Akamwomba jirani karatasi na kalamu.

Siku ya kumi darsa ilijaa. Joto lilikuwa lile la kabla ya mvua, la kupasua midomo, na mapanga ya feni yalikuwa yamesimama kwa sababu umeme ulikuwa umekwenda zake tangu asubuhi. Jenereta dogo lililisha spika tu. Kopo likaja. Inuwa akasoma swali la mtu aliyepiga mswaki kwa dawa yenye ladha ya mnanaa. Likajibiwa. Akasoma la bibi harusi, likajibiwa kwa haraka. Akachukua la tatu.

"'Malam, Mungu akuongezee elimu. Kuna mtu mzima mwenye kisukari. Daktari Mwislamu mwaminifu amemkataza kufunga kwa kuhofia figo zake. Hukumu anaijua. Anafunga hivyo hivyo. Tupe hukumu yake.'"

Malam Gambo alijivuta mbele ya kipaza sauti. Hakushtuka hata kidogo. Mtu anaweza kusikia habari zake zote zikisomwa kwa spika nne na asijitambue, kwa sababu moyoni mwake yeye si "mtu mzima mwenye kisukari". Yeye ni Malam Gambo.

"Huyu hatuna haja ya kumfungulia vitabu," akasema. "Mungu amekuletea zawadi mpaka mlangoni, wewe unamwambia mjumbe, irudishe, mimi nimeipita! Mnawajua punda wa wachota maji? Punda akielemewa hulala chini. Mpige, umtukane, haamki. Punda anaijua hukumu ya mgonjwa! Huyu ndugu yetu haijui."

Msikiti ukaangua kicheko. Na kicheko, kwa mwalimu mwenye njaa, ni kama futari. Akaendelea.

"Na akifa? Akifa msije mkaniambia kafa shahidi. Kafa kwa ubishi! Mimi nawaambieni, huyo hafungi kwa ajili ya Mungu. Mungu ameshamwambia kula. Anafunga kwa ajili ya majirani. Basi akawadai thawabu majirani!"

Watu wakapiga mapaja. Nyuma ya pazia wanawake walicheka kwa sauti. Malam akaegemea kiti, ameridhika kwamba siku hiyo amesema vizuri kuliko siku zote.

"Karatasi ina mgongo, Malam," akasema Inuwa.

"Soma mgongo."

"'Na uji anaopikiwa na mkewe kila adhuhuri, naye akampa kondoo dume akimwambia polepole, ni moto, je, uji huo una thawabu ya sadaka, au ni ufujaji?'"

Hapo hapakuwa na kicheko tena, palikuwa na ghasia. Wazee walishikana mabega. Mtu mmoja safu ya nyuma alilia "mee" na hakuna aliyemkemea. Katikati ya watu wote hao alikaa mtu mmoja ambaye masikio yalikuwa yakiwaka moto ndani ya kilemba. Alitazama karatasi mkononi mwa Inuwa. Ilikuwa ya daftari la mistari, na mwandiko ulikuwa ule uliokuwa ukimwandikia vitu vya kununua sokoni tangu alipooa.

"Swali la kondoo," akasema, "swali la kondoo lina uchambuzi. Tutalijibu kesho, inshallah."

Nyumbani alimkuta mkewe anachambua kunde.

"Umeniaibisha."

"Mimi? Nani kakutaja?"

"Hajiya!"

"Mimi ni mtu wa jikoni, Malam. Nilikwenda kusikiliza darsa. Nimesikia habari ya punda, nimefaidika sana."

Akaanza. Akaleta dalili. Akasema kwamba mgonjwa naye ndiye anayeijua nafsi yake, kwamba daktari ni mwanadamu, kwamba kuna wachamungu waliofunga katika hali ngumu kuliko hiyo. Hajiya alichambua kunde mpaka alipomaliza. Kisha akainua uso, na macho yalikuwa mekundu.

"Baba yangu alikufa kwa ugonjwa huu huu, tulimzika na mguu mmoja. Mimi sijui dalili. Ninachojua ni kwamba sitaki ukae kaburini mimi nikae hapa naambiwa na watu, hongera, mumeo hakuacha hata siku moja. Nakupenda, mzee wewe, na unanichosha."

Neno hilo, kwa watu wa rika lao na adabu za hapa, halisemwi hata gizani. Malam alikosa pa kutazama. Lakini kiburi hakifi kwa kupigwa mara moja. Alfajiri akanuia tena.

Adhuhuri yake, siku ya kumi na moja, alikaa ukumbini akingoja. Hajiya akaja na bakuli, uji unatoa moshi. Hakumsogelea mumewe. Alimpita, akaenda moja kwa moja kwa Galadima, akaliweka chini mbele yake.

"Kwa nini tumsumbue mtu wa katikati?" akasema, akatoka.

Alasiri hiyo msikiti ulifurika. Watu walikuja mpaka kutoka mitaa ya ng'ambo ya mto kusikia hukumu ya kondoo. Malam Gambo alikaa kwenye kiti chake, na hakuwa mzima. Jasho baridi lilimtiririka mgongoni katika joto lile la kuchemsha mayai. Herufi za kitabu zilianza kutembea. Inuwa alikuwa mmoja, akawa wawili, na Wabarebari wawili ni wengi mno kwa Mfulani mmoja.

"Swali la jana, Malam," wakasema Inuwa wote wawili. "Uji na kondoo."

Njia ya kutokea alikuwa nayo. Angesema darsa imekwisha, aombe dua ya kufungia, aende akalale mpaka magharibi, na hakuna ambaye angejua lolote. Akafungua mdomo aombe dua. Dua haikuja. Dua aliyoiomba tangu ana miaka saba, aliyoweza kuiomba amelala, ilikuwa imetoka kichwani kama haikuwahi kuingia. Hapo ndipo Malam Gambo alipoogopa kweli, na kwa mara ya kwanza mwaka huo hakumwogopa mpita njia.

"Kondoo huyo," akasema kwenye kipaza sauti, polepole, ulimi mzito, "namjua. Kafungwa ukumbini kwangu. Na yule punda wa jana ni mimi."

Walicheka kidogo wa mbele, wakidhani ni mzaha wake. Kisha wakauona uso wake.

"Nipeni kitu cha kula."

Sasa fikiri. Watu mia sita, mchana wa Ramadhani, ndani ya msikiti. Huwezi kupata mahali duniani palipokosa chakula kama pale. Mmoja alileta birika la kutawadhia. Mwingine akakumbuka magunia ya tende za futari, lakini yalikuwa stoo, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda kutafuta barafu. Tuliokuwa pale tulipapasa mifuko yetu kama wajinga, kana kwamba tungeweza kukuta mkate tuliousahau. Inuwa alimshika mwalimu wake mabega asianguke, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani wowote.

Kisha pazia la wanawake likainuka chini, ikatoka themosi nyekundu. Ikapita mkono kwa mkono, juu ya vichwa vya watu wenye midomo iliyopasuka, na harufu ya ukwaju ikiifuata, mpaka mezani. Inuwa akamimina kwenye kifuniko. Uji ulikuwa na sukari tele. Malam akaunywa mbele ya mtaa mzima, saa kumi na moja jioni, mdomoni mwa kipaza sauti, na kwa sababu spika hazijui aibu, Zaria nzima ilisikia anavyomeza.

Alikunywa vifuniko vitatu. Inuwa akawa mmoja tena.

"Polepole," Inuwa akamnong'oneza, machozi yamemlenga. "Ni moto."

Nyumbani, alipoweza kusema, alimuuliza mkewe alianza lini kubeba chupa ile kwenda msikitini.

"Siku ya kwanza. Saude aliniambia ukitetemeka na kutoka jasho baridi, nikupe kitu chenye sukari, tusibishane."

"Siku ya kwanza? Si ulikuwa unaamini nakula?"

"Kukuamini nilikuamini," akasema Hajiya. "Chupa nilibeba."

Kidole walikikata wiki hiyo hiyo, kidole kimoja tu, na Saude alisema Malam ameponea tundu la sindano. Lakini kabla ya kwenda kukatwa, siku ya kumi na mbili, Malam alishikilia kwenda darsa. Alitaka wamcheke yaishe. Aliweka themosi mezani waziwazi, akakaa.

Kopo lilirudi limefurika mpaka kifuniko hakifungi. Inuwa akachukua la kwanza.

"'Malam, mimi nina kisukari mwaka wa sita na ninafunga. Je, na mimi ni punda?'"

Watu wakacheka. Malam akacheka nao. "Wewe ni ndugu yangu," akasema. "Njoo unywe uji."

"'Mimi nina vidonda vya tumbo. Natapika damu. Nimekuwa nikifunga kwa sababu Malam hajawahi kuacha.'"

Kicheko kikawa kidogo. La tatu lilikuwa hivyo hivyo. La nne, mzee wa moyo. La tano, mwanamke mwenye mimba iliyokuwa ikimtoka, aliyeona haya kula kwa sababu ya ile miaka arobaini na sita. Inuwa alikuwa akisoma kwa sauti inayozidi kushuka, na Malam alikuwa ameacha kuegemea kiti. Inuwa akafungua lingine, akalisoma kwanza kimoyomoyo, akamtazama mwalimu wake.

"Soma."

"'Mume wangu alikuwa na ugonjwa wa figo. Ramadhani iliyopita daktari alimkataza. Akasema, Malam Gambo miaka arobaini na sita hajaacha hata siku moja, mimi ni nani? Akafunga. Tarehe kumi na saba tulimzika.'"

Inuwa akaishusha karatasi. Nje jenereta lilikuwa likinguruma.

"Swali lake?" Malam akauliza.

"Hakuna swali, Malam."

"Tazama mgongoni."

Inuwa akaigeuza karatasi, akaiinua sote tuione. Nyuma haikuandikwa kitu.

Mtu aliyekuwa na hukumu ya inzi, na ya vumbi la unga, na ya mswaki wa mnanaa, alikaa na mikono juu ya meza. Alilia mbele yetu bila kujifunika uso. Kisha akauelekea upande wa pazia akasema, "Mama, ni mimi. Nisamehe kama unaweza." Hakuna aliyejibu. Mpaka leo hajui ni nani, na kila mwanamke anayepita barabarani Malam humtangulia kwa salamu, ameinama, asije akawa ndiye.

Karatasi ile anayo, huikunja ndani ya kilemba. Akisimulia kisa hiki tunamcheka, hasa pale pa kondoo, na yeye hucheka kutuzidi. Akifika kwenye karatasi husema, "Basi," na hasemi zaidi. Lakini kila mwaka, siku ya kwanza ya darsa, mahali pa ile shukrani yake, Hajiya huisukuma themosi chini ya pazia. Malam hupokea, humimina, hunywa kifuniko kizima mbele ya watu mia sita wenye kiu, wala hafanyi haraka. Yapo macho yanayokerwa, na hukumu ya kula faragha anaijua kuliko sote. Hufuta ndevu, husogeza kipaza sauti, na humwambia Inuwa asome aya ya mgonjwa.